Picha Ilifika Kabla ya Gwaride

Wakili alikuwa ameshafunga faili lake. Akasimama tena na kuomba ruhusa ya kuuliza swali moja la nyongeza.

"Mama, kabla ya siku ya gwaride la utambulisho, kuna mtu yeyote aliyekuonyesha picha ya mshtakiwa?"

Shahidi hakusita hata kidogo. "Ee. Alikuya askari dukani, akanonyesha kwa simu. Akanambia, mwangalie sana, ni huyu?"

Hakimu aliinama kuandika. Kiongozi wa mashtaka akapekua karatasi zake. Yule mama, mwenye duka Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), akaongeza bila kuulizwa, kwa sauti tulivu kabisa: "Na n'limuona kwa mato yangu haya."

Sikuwa na kesi pale. Nilimsindikiza shangazi yangu, shauri lake la shamba lilikuwa la kutajwa tu, na kama ilivyo kawaida tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima tukisikiliza mambo ya watu wengine. Shangazi alipoitwa na kupewa tarehe mpya, tukatoka, tukanunua maji, tukarudi nyumbani. Lakini swali lile na jibu lile vimekaa nami kwa wiki kadhaa sasa.

Kesi bado haijaamuliwa. Kwa hiyo sitataja mahakama wala majina, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asitambulike mtu.

Hakuwa mwongo

Niseme wazi kwanza: nilimwamini yule mama. Alivamiwa baada ya sala ya isha, stima ikiwa imepotea mtaa mzima. Vijana wawili, mmoja ana panga. Walichukua pesa za mauzo na simu, wakampiga ubavuni, wakatokomea vichochoroni kuelekea nyuma ya mji. Alikuwa akitetemeka akisimulia. Hakuna aliyemfundisha kutetemeka vile.

Mwanga ulikuwa nini? Tochi ya simu ya mteja, iliyolazwa kwenye kaunta ikimulika juu. Mahakama zetu huuliza sana habari za mwanga, tangu Mahakama ya Rufaa iliposema katika kesi ya Maitanyi ya 1986 kwamba haitoshi shahidi kusema kulikuwa na taa: ilikuwa taa ya aina gani, kali kiasi gani, imekaa wapi ukilinganisha na mtu anayeangaliwa? Wakili aliyauliza hayo yote na mama akayajibu yote. Kijana mrefu, mweusi, fulana ya bluu, uso alioufunika nusu kwa kitambaa kikateleza.

Basi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kituoni usiku ule.

Siku mbili baadaye ikaja simu ya askari. Picha moja, ya kijana mmoja anayepakia mizigo jetini, iliyotolewa kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Baada ya hapo kijana akakamatwa, gwaride likapangwa, yaani akasimamishwa kwenye mstari na watu wengine ili shahidi amchague, na mama akapita mbele ya mstari na kumgusa begani bila kusita.

Shtaka ni wizi wa mabavu. Kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu, adhabu yake kifo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, na mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba ulihusu mauaji peke yake. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini kijana anayesomewa hukumu hiyo huenda nayo jela, na mama yake huipeleka nyumbani.

Mahojiano ya wakili yana nguvu dhidi ya uongo. Shahidi mwongo hujikwaa, hupandisha sauti, hujipinga. Lakini yule mama alikuwa mkweli kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Majaji wa Uingereza walilisema hili katika kesi ya Turnbull mwaka 1976, na mahakama zetu hulirudia karibu kila mara: shahidi aliyekosea anaweza kushawishi vizuri kabisa. Kabla yao, mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshaonya katika kesi ya Abdalla bin Wendo kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha kuthibitisha jambo, ila ushahidi wake wa kumtambua mtu lazima uchunguzwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale hali ya kuona ilipokuwa ngumu.

Ukweli wake hauniambii ni uso upi anaoukumbuka.

Uso wa nani?

Alipomgusa yule kijana begani, alimtambua nani? Aliyemwona kwa mwanga wa tochi, kwa muda mfupi, panga likiwa mbele yake? Au aliyemwona mchana kweupe kwenye kioo cha simu, ametulia, anatabasamu, huku askari akimwambia amwangalie sana?

Sidhani yeye mwenyewe anaweza kujua. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilifikiria.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona tatizo hili mwaka 1968, katika kesi ya Simmons. Chama cha akiba na mikopo cha Chicago kiliibiwa, na kesho yake wapelelezi wakawaonyesha wafanyakazi picha. Majaji wakaeleza kwamba shahidi akishaichagua picha kimakosa, huelekea kuishika ile sura ya pichani badala ya sura ya mtu aliyemwona, na kila utambuzi unaofuata, wa gwaride au wa mahakamani, hupungua uaminifu. Walilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kulisoma popote. Kisha wakaukubali ushahidi, kwa sababu ya mazingira ya kesi ile, wakaweka kipimo kigumu sana cha kuukataa: hadi njia iliyotumika iwe ya kushawishi kupita kiasi, kiasi cha kuleta hatari kubwa sana ya kosa lisilorekebishika.

Kosa lisilorekebishika. Miaka 16 baadaye, huko North Carolina, likatokea.

Burlington, 1984

Jennifer Thompson alikuwa mwanafunzi wa chuo. Mtu aliingia chumbani kwake usiku akambaka, na yeye, akiwa katikati ya mateso hayo, alijilazimisha kuukariri uso wake ili akipona amtie mbaroni. Polisi walimpa picha sita. Akachagua ya Ronald Cotton. Baadaye wakapanga gwaride la watu halisi, na akamchagua Cotton tena. Afisa akamwambia ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha.

Katika watu wote waliokuwa pichani, Cotton peke yake ndiye aliyewekwa pia kwenye gwaride.

Alifungwa 1985. Mwaka 1987, kesi iliposikilizwa upya, waliletwa mbele ya Thompson wanaume wawili: Cotton, na mfungwa aliyeitwa Bobby Poole ambaye jela nzima ilikuwa ikisema ndiye mhusika. Thompson alimtazama Poole usoni na hakumtambua kabisa. Akasema Cotton. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha ni Poole, na Cotton akatoka baada ya miaka zaidi ya kumi gerezani.

Nimesoma kisa hiki mara nyingi na kila mara ninasimama pale pa 1987. Mbakaji alisimama hatua chache kutoka kwake, na uso wake halisi ulikuwa umeshafutika. Picha ilikuwa imeingia mahali pake.

Huyu hakuwa shahidi mzembe. Alikuwa amejitahidi kukumbuka kuliko ambavyo wengi wetu tungeweza.

Gwaride ni la nini, basi

Gwaride la utambulisho lilikuja kama kinga. Kanuni zake hapa kwetu zinarudi nyuma hadi kesi ya Mwango ya 1936, na zimo katika maagizo ya kudumu ya polisi: mshukiwa asimamishwe na watu wasiopungua wanane, wa umri, kimo, sura na hali ya maisha inayokaribiana na yake. Achague mwenyewe pa kusimama, na abadilishe nafasi kila shahidi akipita. Awe na haki ya kuwa na wakili au rafiki. Afisa anayepeleleza kesi asiliendeshe. Shahidi aambiwe kwamba mtu anayemtafuta huenda yupo, huenda hayupo. Na asiwe amemwona mshukiwa kabla.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoshikilia nyingine zote. Gwaride ni mtihani wa kumbukumbu, na ukishaonyeshwa jibu huwezi tena kusema umefanya mtihani.

Binamu yangu ni wakili huko Malindi. Nilimpigia nikitaka jibu la ndiyo au la: ikiwa picha ilionyeshwa kabla, ushahidi hutupwa? Alinyamaza kidogo, akaniambia sheria haijakaa hivyo.

Polisi wanaruhusiwa kutumia picha kumtafuta mtu wasiyemjua. Hilo lina mantiki. Mtu amevamiwa, hajui jina la mvamizi, polisi nao hawajui. Bila picha uchunguzi utaanzia wapi? Uingereza ilichora mstari tangu 1925, katika kesi ya Dwyer na Ferguson: picha itumike kuamua nani akamatwe, lakini ni vibaya kumwonyesha shahidi picha ya mtu ambaye tayari yuko mikononi mwa polisi ili akamchague kwenye mstari. Leo kanuni zao zinataka picha zisipungue 12 kwa mara moja, zinazofanana kwa aina kadiri iwezekanavyo. Shahidi mmoja akishachagua, wengine wasionyeshwe, wapelekwe kwenye gwaride. Na mshukiwa na wakili wake waambiwe kwamba picha zilionyeshwa.

Picha 12. Yule mama alionyeshwa moja.

Cheti kipo

Mahakamani, mabishano kuhusu picha huenda upande mwingine kabisa, na hili ndilo lililonishangaza zaidi nilipoanza kusoma hukumu.

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, ina mengi ya kusema juu ya picha na rekodi za kielektroniki. Kifungu cha 106B kinataka cheti: mashine gani ilitumika, nani anaisimamia, ilikuwa inafanya kazi sawasawa? Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kinataka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa. Mawakili hupigana juu ya cheti. Kimesainiwa na nani? Kimeletwa lini? Picha hukataliwa kwa kukosa karatasi moja.

Kwa picha ya tukio lenyewe, ya kamera ya dukani kwa mfano, maswali hayo yanafaa sana. Picha ile inasimulia kilichotokea, na lazima tujue haikuchezewa.

Lakini picha aliyoonyeshwa yule mama haikusimulia chochote. Ilikuwa ya kijana anayetabasamu, iliyopigwa siku nyingine, mahali pengine. Kazi yake ilikuwa kichwani mwa shahidi tu. Hakuna aliyeileta mahakamani kama kielelezo, kwa hiyo hakuna aliyedai cheti. Kama wakili hangesimama mara ya pili, isingetajwa kabisa. Na nani angejua?

Binamu alinikumbusha kwamba upande wa mashtaka hauko uchi. Mama alimtambua mshtakiwa pia pale kizimbani. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba Mahakama ya Rufaa imesema zaidi ya mara moja kwamba kumnyooshea mtu kidole akiwa kizimbani kwa kawaida hakuna thamani kama hakukutanguliwa na gwaride safi. Kizimbani yuko mtu mmoja. Unamnyooshea nani mwingine?

Mji ambao kila uso umeshaonekana

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya London na Chicago havina habari nao.

Jaribu kupanga gwaride Amu. Tafuta vijana wanane wanaofanana na mpakiaji wa jetini, ambao mwenye duka wa Langoni hawajui. Atamjua wa kwanza kwa sababu ni mwana wa jirani. Wa pili humletea samaki. Wa tatu alisoma na mwanawe. Ukiwaleta wageni kutoka Mokowe, ng'ambo bara, mshukiwa ndiye atakayekuwa na uso uliozoeleka. Ukiwaleta wa mjini, mshukiwa, ambaye kwao ni bara na amekuja juzi kutafuta kazi, ndiye atakayekuwa mgeni pekee. Kwa vyovyote anajitokeza.

Mahakama husema, na kesi inayotajwa sana hapa ni ya Anjononi ya 1980, kwamba kumtambua mtu unayemfahamu kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Sina ubishi. Lakini mji mdogo umejaa watu walio katikati: hujui jina lake, hujui kwao, ila umemwona Mkunguni, umemuuzia soda, amepita na mkokoteni mlangoni kwako. Uso kama huo ukionyeshwa kwenye simu, moyo unasema "namjua huyu". Na unamjua kweli! Ila si lazima umjue kutoka usiku ule.

Huyu kijana, kwa ushahidi wa mama mwenyewe, aliwahi kununua dukani kwake.

Niliposikia hilo nilitazama chini. Hakuna aliyelifuatilia, swali lililofuata lilihusu urefu wa panga.

Uzito wa nini?

Jibu la kisheria ambalo mtu hupewa ni kwamba dosari kama hii hugusa uzito wa ushahidi: uingie, kisha hakimu aupime. Nimejaribu kuridhika na jibu hilo nimeshindwa.

Hakimu atapima nini? Mahakama ya Juu ya Marekani iliorodhesha mambo matano katika kesi ya Neil dhidi ya Biggers, 1972: nafasi ya shahidi kuona, umakini wake, usahihi wa maelezo yake ya kwanza, uhakika alio nao, na muda uliopita. Mwaka 1977, katika kesi ya Manson, wakavitumia vipimo hivyo hivyo kukubali utambuzi uliofanywa kwa picha moja tu. Lakini uhakika ndio hasa picha inaoupandisha. Hata kumbukumbu ya umakini na ya muda wa kutazama hupanda nao. Shahidi aliyeambiwa amepatia hukumbuka mwanga ulikuwa mkali zaidi. Unapima kwa mizani ambayo kitu kinachopimwa kimeshaigusa. Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ililikubali tatizo hili mwaka 2011, katika kesi ya Henderson, ikabadilisha utaratibu wake.

Katiba yetu, ibara ya 50(4), inaagiza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri vibaya utoaji wa haki. Mimi si wakili. Lakini naamini gwaride lililotanguliwa na picha moja, ya mtu mmoja, kwenye simu ya askari, linastahili kuanguka hapo, lisiingie kabisa. Kibaki kile mama alichosema usiku wa kwanza, kabla hajaonyeshwa mtu: mrefu, mweusi, fulana ya bluu. Hicho ni chake. Kama hakitoshi kumfunga mtu, basi hakitoshi, na kazi ya upelelezi inaendelea. Simu iliyoibiwa iko wapi? Alama za vidole kwenye kaunta je? Nani alikuwa na yule kijana saa ile?

Na mama je? Nimemfikiria sana. Gwaride likitupwa, yeye ndiye atakayerudi dukani akidhani mahakama imemwita mwongo, na huenda aliyempiga bado anapita mtaani. Askari aliyemwonyesha picha alidhani anamsaidia. Alimnyang'anya kitu pekee ambacho mahakama ingeweza kukitegemea.

Kundi la mtaa

Askari wana kanuni za kuvunja. Sisi wengine hatuna hata hizo. Siku hizi mtu akiibiwa, picha ya anayedhaniwa inafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla OB, taarifa ya kwenye kitabu cha matukio cha polisi, haijaandikwa. Chini yake maoni hamsini. Shahidi yumo humo humo, anasoma.

Nilimwandikia msimamizi wa kundi letu, mtu mwema ninayemheshimu, nikamwomba tuache kusambaza nyuso. Alinijibu kwa haki kabisa: "Dada, na akivuka na boti mpaka Mokowe kabla OCS, mkuu wa kituo, hajafika?" Nikamwambia tuandike mavazi, kimo, alikoelekea, alichobeba, picha kama ipo iende kituoni peke yake. Akauliza, na kama imeshatoka kundi jingine? Basi aliyeiona aseme kabla ya gwaride, na iandikwe kwenye fomu: aliona picha gani, lini, kutoka kwa nani.

Tangazo limebandikwa tangu Ijumaa. Baadhi ya watu wameondoka kwa hasira.

Jana usiku mmoja aliyebaki aliniandikia pembeni. Yeye ni shahidi katika kesi fulani, picha aliiona kundini kabla ya kuitwa kwenye gwaride, hakuna aliyemuuliza, na hakujua kama ni jambo la kusema. Sikumuuliza ni kesi gani. Nimemwomba asinieleze zaidi mimi, aende akamwambie kiongozi wa mashtaka kabla ya siku yake ya kupanda kizimbani, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kujulishwa mapema. Amesema ataenda Jumatatu.